Baridi ya Julai haitokani na umbali wa Jua

Ndugu Mhariri,

Kila kipupwe kinapoingia, Mlima Meru ukajifunika mawingu wiki nzima na makoti yakatoka masandukuni, maelezo huwa yale yale vijiweni, redioni na hata ubaoni: kuna baridi kwa sababu Dunia imekwenda mbali na Jua. Na mtoto akiuliza kwa nini Mwezi leo ni kipande, huambiwa kivuli cha Dunia kimeufunika. Majibu haya yote mawili ni makosa. Tunaomba nafasi ya kutosha katika gazeti lako kueleza kwa nini, na hasa kueleza namna ya kuyafundisha mambo haya kwa anga la hapa kwetu Arusha na Moshi, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo ni kwamba michoro tunayoitegemea ilichorwa kwa ajili ya anga la Ulaya.

Tuanze na baridi. Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali nalo zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Mtoto wa Uingereza akiambiwa kwamba umbali ndio unaoleta baridi, ataligundua kosa mwenyewe siku atakapozisoma tarehe hizi, kwani kwao Januari ndiyo baridi na Julai ndiyo joto. Mtoto wa mtaa wa Sakina hapa Arusha, au wa Majengo pale Moshi, hana msaada huo. Kwake Januari ni jua kali na vumbi, Julai ni blanketi mbili. Tarehe zinalikubali jibu lisilo sahihi, naye hulishika na kukua nalo. Ndiyo maana mwalimu wa hapa anahitaji uangalifu mkubwa kuliko mwenzake wa London.

Swali la kumwuliza mwanafunzi ni fupi: Julai hiyo hiyo tunayotetemeka, Cairo wana hali gani? Wanaungua. Na Johannesburg? Usiku wao una baridi ya kugandisha umande. Cairo, Arusha na Johannesburg ziko juu ya Dunia moja, umbali mmoja na Jua. Umbali ungekuwa ndio sababu, dunia nzima ingepoa kwa pamoja na kupata joto kwa pamoja.

Sababu yenyewe ni mlalo wa mhimili. Mhimili wa Dunia, ule mstari wa kufikirika unaopita ncha ya kaskazini na ncha ya kusini, haukusimama wima juu ya njia ambayo Dunia hupita kulizunguka Jua. Umelala kwa nyuzi 23.4. Jambo linalopotea mara nyingi darasani ni kwamba mlalo huo hauhamihami katika mwaka: mhimili huelekea upande ule ule wa anga Januari hadi Desemba, karibu na ile nyota ya kaskazini ambayo sisi wa kusini ya ikweta hatuioni kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho. Dunia ikiwa upande mmoja wa Jua, kizio cha kaskazini ndicho kinacholikabili zaidi. Miezi sita baadaye, ikiwa upande wa pili, zamu ni ya kizio cha kusini. Usemi wa “Dunia inaliinamia Jua mwezi Juni” tungeomba uachwe kabisa, maana unampa mtoto picha ya Dunia inayotikisa kichwa.

Kulikabili Jua kuna faida mbili. Mchana huwa mrefu, na miale huanguka karibu na wima badala ya mshazari. Hili la pili linaonekana kwa tochi na karatasi ya daftari la hesabu. Mulika wima, chora mpaka wa doa la mwanga, hesabu miraba. Tuseme ni 40. Sasa inamisha tochi mpaka iwe nyuzi 30 tu kutoka kwenye karatasi, umbali ukiwa ule ule. Mwanga huo huo utasambaa juu ya miraba kama 80, kila mraba ukipata nusu ya ulichokuwa unapata. Wanaokosea jaribio hili huisogeza tochi mbali wanapoiinamisha, na doa linakuwa kubwa kwa sababu ya umbali. Hapo wamemfundisha mtoto kosa lile lile walilotaka kumtoa. Funga uzi wa sentimita 30 kwenye kichwa cha tochi, ncha ya pili uibandike kwa gundi katikati ya doa, na uzi uwe umekazwa mara zote mbili.

Sasa tuweke namba za mahali. London tarehe 21 Desemba, Jua la adhuhuri hufika nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, na mchana wao haufiki saa 8. Tarehe 21 Juni hupanda hadi nyuzi 62 na mchana unapita saa 16 na nusu. Sisi tuko nyuzi 3.4 kusini ya ikweta. Juni 21 Jua la adhuhuri hapa liko nyuzi 63, upande wa kaskazini. Desemba 21 liko nyuzi 70, upande wa kusini. Mchana wetu mrefu kabisa ni saa 12 na dakika 19, na mfupi kabisa ni saa 11 na dakika 56. Msomaji azitazame tena zile mbili: 62 na 63. Jua la adhuhuri katikati ya kipupwe cha Arusha liko juu kidogo kuliko Jua la adhuhuri katikati ya kiangazi cha London.

Hapa inabidi tuwe wakweli zaidi ya vitabu, kwa kuwa karibu na ikweta mambo yana utata wake. Ule ukaribu wa Januari huongeza nguvu ya Jua kwa asilimia 7 hivi ukilinganisha na Julai. Kwa Arusha, mlalo wa mhimili nao huleta tofauti ya asilimia 8 hivi kati ya mwanga wa siku nzima wa Desemba na ule wa Juni, kabla haujapita mawinguni. Zinakaribia kulingana. Kwa hiyo anayesema kwamba umbali hauna athari yoyote kwetu naye amezidisha. Lakini Cairo, mwanga wa Desemba ni chini ya nusu ya ule wa Juni, ingawa Desemba Dunia iko karibu zaidi na Jua. Huko ndiko mlalo unakoonyesha nguvu zake zote.

Baridi yetu basi inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inaletwa na upepo wa kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi upepo huu huja kutoka kusini ya Bahari ya Hindi, ambako miezi hiyo ni majira ya baridi, kwa sababu ya mlalo ule ule tuliousema. Huja na hewa iliyopoa na yenye unyevu. Ikifika kwenye miteremko ya kusini ya Meru na Kilimanjaro, ambako ndiko miji yetu miwili ilipo, husukumwa juu, huzidi kupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu ya chini yanayotanda kama dari. Jua liko juu nyuzi 63 lakini halitufikii. Ushahidi ni zile siku chache za Julai ambapo dari hilo hufumuka saa saba mchana: dakika ishirini hazipiti kabla watu hawajavua masweta. Januari na Februari ni zamu ya kaskazi, upepo mkavu, anga wazi. Mwinuko nao una sehemu yake, lakini huo ni wa mwaka mzima: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na Moshi mita 800 na kitu, na hewa hupoa kwa nyuzi 6 au 7 kila unapopanda mita 1,000.

Mvua nazo hufuata Jua. Linapokuwa utosini ardhi hupata joto, hewa hupanda, pepo za pande mbili hukutana, na ukanda wa mvua hujikusanya hapo. Ukanda huu huhama kaskazini na kusini ukilifuata Jua, ila huchelewa wiki kadhaa nyuma yake kwa kuwa bahari na ardhi hazipati joto papo hapo. Kwetu hupita mara mbili, ukienda na ukirudi: ndiyo masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mbeya na Songea wako kusini zaidi, safari ya kwenda na ya kurudi huko zinakaribiana mno kuacha ukame katikati, wakapata msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili. Tunawasihi wanaoandaa masomo wasimlazimishe mtoto wa hapa kukariri majira manne ya Ulaya kama kwamba ndiyo ya kwake. Vuli ya Arusha ni mvua na mbegu ardhini. Kuliita kwa jina hilo hilo lile jira la Ulaya la majani kupukutika, bila neno la maelezo, ni kumchanganya.

Jaribio bora kuliko yote kwa mji wetu halihitaji fedha. Mara mbili kwa mwaka Jua hupita utosini kabisa hapa, karibu na tarehe 12 Machi na tena tarehe 1 Oktoba. Simamisha fimbo ya mita 1 mahali tambarare palipo wazi, uhakikishe kwa timazi ya fundi mwashi kwamba iko wima pande zote mbili, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi. Fimbo ikilala nyuzi 2 tu, ncha ya kivuli huhama sentimita 3 na nusu na jaribio linaharibika. Kuanzia saa 6:10 mchana weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5, hadi saa 7:00. Siku hiyo kivuli kitafupika mpaka kimezwe na fimbo yenyewe, kisha kitokee upande wa pili. Tarehe 21 Juni kivuli kifupi kabisa kitakuwa na sentimita 50, kikielekea kusini. Tarehe 21 Desemba kitakuwa na sentimita 36 au 37, kikielekea kaskazini. Mtoto aliyeona kivuli kimebadili upande hahitaji kubembelezwa aamini kwamba Jua linahama.

Wengi hujaribu hili saa sita kamili, wakakata tamaa. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Arusha iko nyuzi 36.7. Tofauti hiyo huchelewesha adhuhuri yetu ya kweli kwa dakika 33. Juu ya hapo, mwendo wa Dunia kulizunguka Jua hauna kasi moja mwaka mzima, na mhimili wake umelala, kwa hiyo Jua lenyewe huchelewa au huwahi kwa dakika kadhaa kutegemea tarehe. Machi 12 adhuhuri ya Arusha ni saa 6:43 mchana. Oktoba 1 ni saa 6:23. Ukipima saa 6:00 kamili siku ya Machi, utakuta kivuli cha sentimita 19 kimeelekea magharibi, na utaona kana kwamba sayansi imekudanganya. Kutokana na jambo hili hili, Jua la Februari huzama karibu saa 12:55 jioni na la mwanzoni mwa Novemba karibu saa 12:25. Watu husema siku zimerefuka. Urefu wa mchana ni karibu ule ule miezi yote miwili. Adhuhuri ndiyo iliyosogea.

Kwa wanaotumia tufe, au chungwa lenye kijiti: weka taa katikati ya chumba, chagua ukuta mmoja, tuseme wa mlangoni, na kijiti kielekee juu ya mlango huo wakati wote unapolizungusha chungwa kuizunguka taa. Kosa la kawaida ni mkono kugeuka pamoja na mwili, kijiti kikawa kinaielekea taa kila mahali. Ukifanya hivyo umetengeneza Dunia ambayo kaskazini yake ni kiangazi mwaka mzima. Pia mchoro wa duaradufu lililobonyea kama yai, lenye Jua upande mmoja, ufutwe ubaoni. Njia ya Dunia ikichorwa kwa upana wa sentimita 20, tofauti kati ya upana wake na ufupi wake ni ndogo kuliko unene wa mstari wa penseli, na Jua linakaa milimita 1.7 tu kutoka katikati. Kwa jicho ni duara. Yai lile limetokana na kuchora duara likitazamwa kwa ubavu, na pengine hakuna mchoro uliopotosha wanafunzi wengi kama huo.

Sasa Mwezi. Jua huangaza nusu ya Mwezi wakati wote, sawa na linavyoangaza nusu ya Dunia. Sisi tunaona kiasi cha nusu hiyo kinachotuelekea, na kiasi hicho huongezeka na kupungua kadiri Mwezi unavyotuzunguka, mwandamo hadi mwandamo, siku 29 na nusu. Kivuli cha Dunia hakimo katika habari hii.

Uthibitisho wake hauhitaji darubini. Siku ya saba au ya nane baada ya mwandamo, saa kumi alasiri, toka nje. Jua liko magharibi, na nusu ya Mwezi imeshapanda mashariki, mchana kweupe. Kivuli cha Dunia siku zote huelekea kinyume cha Jua. Jua likiwa bado angani, kivuli hicho kiko chini ya miguu yetu, upande wa pili wa ardhi. Hakiwezi kuufikia Mwezi uliopo juu ya vichwa vyetu. Kisha chukua mpira mdogo mweupe, au kiazi mviringo kilichopakwa chokaa, ukichomeke kwenye kijiti, simama juani pasipo na mti, na unyooshe mkono mpaka kiazi kiwe kando ya Mwezi. Kiazi kitang'aa nusu, upande ule ule na kwa kiasi kile kile kama Mwezi. Watoto wakumbushwe tu wasilitazame Jua lenyewe.

Tatizo jingine ni umbo. Vitabu huonyesha hilali imesimama kama herufi C au kama mabano. Hivyo ndivyo inavyoonekana kwa wenzetu wa mbali na ikweta. Arusha hilali hulala, tumbo chini na pembe mbili juu, kama mtumbwi. Sababu ni kwamba karibu na ikweta Jua na Mwezi hushuka karibu wima kwenye upeo wa macho. Jua likishatangulia kuzama, liko chini ya Mwezi, kwa hiyo upande unaong'aa ni wa chini. Ulaya hushuka kwa mshazari, Jua likawa kando, nayo hilali ikasimama. Mtumbwi wetu nao haukai sawasawa mwaka mzima: karibu na Juni na Desemba kwa kawaida hulala sawa, jioni za Machi tumbo lake huelekea kushoto kidogo kwa anayetazama magharibi, na jioni za Septemba huelekea kulia. Kwa hiyo kumfundisha mtoto wa hapa kwamba herufi hii ni Mwezi unaokua na ile ni Mwezi unaopungua ni kupoteza muda wake. Kanuni inayofanya kazi ni ya mahali na saa: hilali ya jioni, magharibi, inakua, hilali ya alfajiri, mashariki, inapungua.

Hilali hiyo ya jioni ikitazamwa vizuri, sehemu yake isiyong'aa huonekana kwa mwanga hafifu wa kijivu. Hiyo ni nuru iliyotoka kwenye Jua, ikapiga Dunia, ikarudi kumulika usiku wa Mwezi. Sehemu hiyo ni usiku wa huko, kama tulivyo na usiku huku. Ni kitu kizuri cha kuwaonyesha watoto, na hudumu siku tatu nne tu za mwanzo.

Ndani ya darasa, jaribio la taa na mpira ni zuri lakini lina mitego. Chumba kiwe na giza la kweli; dirisha lililofunikwa kwa khanga moja bado hupitisha mwanga na kuangaza upande wa pili wa mpira. Taa iwe balbu isiyo na kifuniko, usawa wa macho, angalau mita 2 kutoka kwa mwanafunzi. Tochi ya simu humulika mbele tu, na wanafunzi wa pembeni hawaoni kitu. Mwanafunzi anyooshe mkono, ajizungushe polepole kuelekea kushoto kwake, akitazama mpira tu. Na hapa ndipo penye kosa kubwa: mpira ushikwe juu kidogo ya kichwa. Ukishikwa usawa wa uso, mwanafunzi akiipa taa mgongo kichwa chake kitaufunika mpira kwa kivuli, pale pale ambapo angepaswa kuona mwezi mpevu. Atatoka darasani akiapa kwamba ameona kwa macho yake kivuli kikileta giza la Mwezi.

Kwa nini basi kivuli hakiupati Mwezi kila mwezi mpevu? Jibu liko kwenye vipimo ambavyo mchoro wa ubaoni hauwezi kuvibeba. Dunia iwe chungwa la sentimita 7. Mwezi utakuwa gololi ya karibu sentimita 2, na gololi hiyo iwekwe mita 2 na sentimita 10 kutoka kwenye chungwa. Jua lingekuwa mpira wa kipenyo cha mita 7.6, umbali wa mita 820, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Njia ya Mwezi imelala nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia, na kwa umbali wa mita 2.1 mlalo huo hufanya gololi ipande au ishuke hadi sentimita 19. Kivuli cha chungwa pale kina upana wa sentimita 5 tu. Mara nyingi gololi hupita juu yake au chini yake. Ikipita katikati, ndipo Mwezi unapopatwa, kama ilivyoonekana kwetu tarehe 7 Septemba 2025, Mwezi ulipokuwa mwekundu kabisa kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52. Tukio lile zima, tangu kivuli kuanza kuula Mwezi hadi kuuacha, lilichukua takriban saa tatu na nusu. Sura za Mwezi huchukua siku 29 na nusu. Mtu akivichanganya vitu hivi viwili, mwonyeshe saa hizo. Kivuli cha Mwezi kuiangukia Dunia ni habari nyingine tena. Ndicho kilichowaita watu Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipobaki pete.

Kwa shule inayotaka kuufuatilia Mwezi mwezi mzima, chagueni Januari, Februari au Septemba. Aprili mvua itawanyima, na Julai mtachora mawingu. Anzeni jioni ya kwanza hilali inapoonekana. Kila siku mara baada ya Jua kuzama, mahali pamoja, mtoto anyooshe mkono na kuhesabu ni ngumi ngapi kutoka upeo wa magharibi hadi Mwezi ulipo. Ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10. Mwezi utasogea mashariki kwa ngumi moja na kitu kila siku. Wiki ya kwanza ikiisha utakuwa karibu na utosini, na baada ya wiki mbili utakuwa unachomoza mashariki Jua likizama. Baada ya hapo huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku. Wengi hukoma hapa wakiandika kwamba Mwezi umepotea. Haujapotea: hamisheni zoezi liwe saa 12:15 asubuhi, mtaukuta upande wa magharibi kwanza, kisha utosini, kisha mashariki kama mtumbwi mwembamba kabla ya kutoweka. Nusu ile ya siku za mwisho huonekana hadi karibu adhuhuri, na ni dawa nzuri kwa anayeamini kwamba Mwezi ni wa usiku tu.

Miandamo kumi na miwili ni siku 354, pungufu ya mwaka wa Jua kwa siku 11, na ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka ikapita katika kiangazi, masika, kipupwe na vuli kwa muda wa miaka 33 hivi. Pasaka hufungwa kwa Mwezi na Jua kwa pamoja: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya makanisa. Ndiyo maana haitoki nje ya Machi 22 na Aprili 25, na ndiyo maana kwetu huikuta masika karibu kila mwaka. Misikiti na makanisa yetu yanaishi ndani ya somo hili. Mwalimu ana pa kuanzia.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Pale unapochapa hali ya hewa, ongeza mistari mitatu: saa ya adhuhuri ya kweli ya Arusha siku hiyo, siku ya ngapi tangu mwandamo, na saa Mwezi utakapochomoza. Na wachoraji wa vitabu waandike chini ya kila mchoro wa Jua, Dunia na Mwezi kwamba haukuchorwa kwa vipimo, kisha waweke hilali iliyolala.

Kwa walio Moshi, saa za adhuhuri tulizotaja zipunguzwe dakika 2 na nusu, kwa kuwa Jua huwafikia wao kwanza. Fimbo na timazi ni zile zile.

Walimu wa jiografia na fizikia,
Arusha na Moshi.